Tuwahi Kabla Mbuzi Hajakonda

Njaa ya kaskazini mwa Kenya ikitajwa, wengi wetu hutazama juu na kusema kwamba mvua imekataa. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mvua ikikataa hukausha malisho. Kinachomlaza mtoto bila chakula ni mambo yanayofuata baada ya hapo, na mengi kati ya hayo yamo mikononi mwa wanadamu.

Tuitazame Kipsing, kituo kidogo cha wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, upande wa Oldonyiro, wanakoishi Wasamburu na Waturkana. Nchi hiyo si ya mahindi, lakini ugali hupikwa kila siku. Unga huja kwa lori kutoka mbali, na hununuliwa kwa fedha ya mbuzi. Kwa hiyo kuhesabu mifugo ya mtu hakutoshi kujua kama ana chakula. Lazima tuulize mbuzi wake mmoja ananunua unga kiasi gani. Malisho yakikauka, mbuzi hukonda, wafugaji wote humiminika sokoni kwa pamoja, na mnunuzi hujitajia bei aitakayo. Wakati huohuo bei ya unga hupanda. Mbuzi aliyekuwa akilisha nyumba kwa wiki kadhaa sasa huleta gorogoro chache tu, ilhali duka limejaa unga.

Kuna na la pili. Ukame ukizidi, vijana huhama na mifugo kutafuta majani, na maziwa huondoka pamoja nao. Wanaobaki manyattani ni akina mama, wazee na watoto wachanga, yaani wale hasa wanaoyahitaji maziwa hayo.

Mambo haya hayapo Kipsing peke yake. Mwanauchumi Amartya Sen wa India, aliyeishuhudia njaa kuu ya Bengal ya mwaka 1943 akiwa mtoto, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba watu wanaweza kufa njaa chakula kikiwapo sokoni, kwa sababu hawana tena uwezo wa kukipata. Wafugaji ni miongoni mwa watu aliowachunguza. Basi tusiishie kuuliza chakula kiko wapi; tuulize pia nani hawezi kukifikia, na kwa nini.

Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa, na watu zaidi ya milioni 4 wakawa wahitaji wa msaada wa chakula. Na balaa hilo halikuja kwa kunyemelea. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, iliyoundwa mwaka 2011, hutoa taarifa za kaunti kame na nusu kame mwezi baada ya mwezi: hali ya malisho, bei ya mbuzi, bei ya mahindi, afya ya watoto. Onyo lilikuwapo. Kilichochelewa ni mkono wa msaada.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Naam, ni kazi yake, na tusiiachilie. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Mwananchi anayemdai mbunge, mwakilishi wa wadi au chifu wake haki hiyo haombi sadaka. Lakini taarifa ya kaunti haiwezi kujua ni nyumba gani haikuwasha moto jana jioni. Jirani anajua. Wazee wa Kiborana wa Isiolo hii hii walilielewa hilo zamani, wakaweka utaratibu wa buusa gonofa, ambao kwao ukoo humchangia mifugo aliyepoteza mifugo yake, ili asimame tena. Hawakumwita mvivu. Walijua kuwa leo ni yake na kesho ni yao.

Basi tufanye nini? Mfugaji, uza baadhi ya mifugo wangali na mwili, na fedha uiweke; anayengoja mpaka mnyama ashindwe kusimama huuza ngozi. Mwenye mbuzi wa maziwa, mwazime mmoja mama aliyebaki na watoto wakati kundi lake liko mbali. Mama, omba mhudumu wa afya ya jamii akufundishe kutumia ule utepe wa kupima mkono wa mtoto: kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mzingo wa mkono wa juu usiofika sentimita 11.5 ni hatari kubwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chifu na wazee, orodha ya msaada isomwe barazani mbele ya watu wote, wajane na wasio na mifugo watangulie, na asiangaliwe mtu kabila wala kura yake.

Nanyi mlio na mshahara Isiolo mjini, Nairobi na ng'ambo, msingoje picha za mizoga. Mnapopigiwa simu kwamba mbuzi wameanza kushuka bei, hapo ndipo pa kutuma fedha, hata kidogo, kulipa deni la dukani la mama aliyebaki na watoto ili mwenye duka aendelee kumkopesha unga. Na sote tuilinde amani, kwa maana bunduki ikilia malisho hufungwa na soko huvunjika, na njaa huingia hata mwaka wa mvua.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Tusingoje ukame mwingine utangazwe kuwa janga la kitaifa. Msimu huu, kila mmoja wetu aijue nyumba moja iliyo karibu kuishiwa, na aifikie kabla haijauza mnyama wake wa mwisho.