Dawa Inayomfuata Adui

Mama anapomnywesha mwanawe antibiotiki, dawa huzunguka mwili mzima. Sehemu tu ndiyo hufika penye maradhi. Nyingine huua hata bakteria wenye manufaa tumboni.

Mwaka 2012 watafiti wa MIT na Hospitali ya Brigham, Marekani, akiwamo Robert Langer, walieleza chembe zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, zilizobeba dawa ya vankomaisini. Penye maambukizi mara nyingi pana asidi. Chembe ikikutana na asidi hiyo hupata chaji chanya, ikanata kwenye ukuta wa bakteria wenye chaji hasi, na dawa ikatoka mahali hapo. Ganda lake huvunjika taratibu lisibaki mwilini.

Majaribio hayo yalikuwa ya maabara. Sisi tuihifadhi amana tuliyo nayo: tusinunue antibiotiki bila cheti cha daktari, wala tusiikatishe kwa kuwa homa imetulia. Bakteria walionusurika huwa ndio wagumu zaidi. Wakizaana, watamrudia mtoto wetu, au wa jirani, siku ambayo chupa ileile haitafaa kitu.