Ushujaa Hauhesabiwi kwa Maiti



Kuna neno linalosemwa sana na vijana wetu, nalo linaniudhi. Wakitaka kumsifu askari, huuliza swali moja tu: aliua wangapi? Akiwa ameua wengi, ni dume, ni simba. Akiwa ameua wachache, basi, si kitu. Leo napinga neno hilo. Wala sichukui mfano wa mtu asiyeshika silaha kamwe. Nachukua mfano wa askari kweli kweli.

Jina lake Drew Dix, sajini Mmarekani. Mwaka 1968 alikuwa na umri wa miaka 23, naye alikuwa mshauri wa askari wa Vietnam ya Kusini huko Chau Phu, mji mkuu wa jimbo la Chau Doc, karibu na mpaka wa Kambodia. Tarehe 31 Januari, katika sikukuu ya Tet, yaani mwaka mpya wa nchi ile, batalioni mbili za Viet Cong ziliuingilia mji, na ulinzi wake wote ukavunjika.

Sasa tazameni. Dix alikuwa katika doria pamoja na askari wa Kivietnam, akaitwa arudi. Akasikia kwamba mwuguzi mmoja amenaswa katika nyumba karibu na katikati ya mji. Akakusanya watu, akaenda, akamtoa. Akaambiwa kuna raia 8 katika jengo linalopigwa kwa mizinga na bunduki. Akaenda tena, akawatoa. Akarudi katikati ya mji, akalishambulia jengo lenye adui wasiojulikana idadi, akawaua 6, akawaokoa Wafilipino 2. Kesho yake, bila kulazimishwa na mtu, aliongoza watu 20, wakawafukuza adui katika hoteli na nyumba za jirani. Askari wa nchi walipomwona wakapata moyo, wakaanza tena kupigana. Kisha akawaokoa mke na watoto wa naibu wa mkuu wa jimbo.

Mwaka 1969 Rais Lyndon Johnson alimpa Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote katika jeshi la Marekani. Katika maandiko ya nishani hiyo mna hesabu mbili. Adui waliouawa kwa hakika: 14. Raia waliookolewa: 14. Hesabu ni sawasawa! Basi, enyi vijana, ninyi mnashika ipi?

Mimi nashika ya pili, na nina sababu. Safari ya kwanza ilianzishwa na habari ya mwuguzi. Ya pili, na habari ya wale 8. Tena aliwakamata watu 20 wakiwa hai. Mwenye kiu ya damu hashiki mateka 20. Naye mwenyewe, alipotoa kitabu juu ya siku zile mwaka 2000, alikipa jina la uokoaji wa mji, si la mauaji.

Wengine watanijibu: «Mmarekani yule alitafuta nini katika vita vya watu?» Swali ni la haki, nami silikimbii. Vita vile viliwaangamiza Wavietnam wengi mno, na mwaka 1975 Saigon ilianguka. Uhodari wa mshauri mmoja hauponyi makosa ya wakubwa. Wala wale 14 waliokufa hawakuwa magogo. Nao walizaliwa na mama. Lakini mwuguzi yule hakuanzisha vita. Mtu akizama mtoni, hatuulizi kwanza nani aliyetoboa mtumbwi. Tena kazi ya mshauri ni kushauri. Angeweza kukaa penye simu ya upepo na kutoa maneno, na hakuna ambaye angemcheka. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja kweli, na watu wakapona.

Kuua si kazi ngumu. Mnyang'anyi wa njiani anaua, fisi naye anaua. Sisi tuliozoea milio ya bunduki tunajua hayo kuliko wengine: wenye kuua hawakutupungukia. Waliotupungukia ni wale wanaorudi ndani ya moto kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Basi, wazazi, watoto wakianza tena kumsifu askari, msikubali swali lile la zamani. Waulizeni: aliwatoa wangapi?