Ngazi Iliyopunjwa Vipimo Si Uzembe wa Mfanyakazi



Mtu akianguka ngazini kazini, neno la kwanza kuandikwa ni "uzembe". Mimi nilikuwa miongoni mwa waliolikubali neno hilo, mpaka ngazi yangu mwenyewe iliponifundisha.

Nilijenga baraza la mbao nyuma ya nyumba yangu hapa Mwansabombwe, kimo chake sentimita 90 kutoka ardhini. Hesabu ilikuwa rahisi: vipando vitano vya sentimita 18 kila kimoja. Nikakata mbao mbili za ubavu kwa kipimo hicho, nikapigilia mbao za kukanyagia, nikajisifu. Shangazi yangu alikuwa wa kwanza kupanda na beseni la samaki kichwani. Alipofika juu, mguu ulikwenda mbele kuliko alivyotarajia, akaanguka na kuvunjika mkono. Nikamwambia, "Shangazi, uwe unatazama unapokanyaga." Akanijibu, "Mwanangu, miguu yangu inajua kuhesabu. Ngazi yako ndiyo haijui."

Nilichukua tepu nikapima. Nilikuwa nimesahau unene wa mbao za kukanyagia, sentimita 4. Kwa hiyo kipando cha chini kilikuwa sentimita 22, vitatu vya katikati 18, na cha mwisho, pale unapoingia barazani, 14 tu. Dawa yake ni kukata hizo sentimita 4 chini ya mbao za ubavu kabla ya kuzisimamisha. Kazi ya dakika kumi.

Yafaa tufahamu sababu. Mtu hatazami kila kipando anachokanyaga. Mguu hujifunza kimo katika hatua mbili za mwanzo, kisha hukirudia bila kuuliza. Ngazi yenye vipando virefu vyote itakuchosha, lakini yenye kipando kimoja tofauti itakuangusha. Na mwenye gunia begani au beseni mkononi, hata akitaka kutazama, haoni miguu yake.

Mafundi wana kanuni ya zamani, ambayo Mfaransa François Blondel aliiandika katika karne ya 17: kimo cha vipando viwili ukikijumlisha na upana wa ubao mmoja wa kukanyagia, upate hatua ya mtu. Siku hizi tunakadiria sentimita 60 hadi 65. Kwa kimo cha 18, upana wa 27 wafaa sana. Kishikio kiwe kama sentimita 90 juu ya ukingo wa vipando. Na miguu ya ngazi ikae juu ya jiwe au zege, wala si udongoni, maana mvua zetu na mchwa havibagui hata mninga, ambao huku tunauita mukwa.

Sasa tugeukie kazini. Katika kiwanda kimoja cha unga nilichopata kufanyia kazi, ngazi ya jukwaa la kupakilia ilijengwa kwanza, kisha sakafu ya chini ikaongezwa zege. Kipando cha chini kikabaki nusu. Hapo walianguka wapagazi watatu, na wote watatu waliandikiwa uzembe. Hakuna aliyepima. Hata sisi wa tawi hatukupima. Tulikwenda kuomba wasamehewe, kana kwamba walikuwa na kosa!

Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Na. 36 ya 2010, hapa Zambia, yataka mahali penye wafanyakazi kumi au zaidi pawe na kamati ya usalama. Nchini Kenya, sheria ya 2007 inadai ngazi ziwe imara na ziwe na kishikio. Basi wajumbe wa kamati wasiende ofisini na maneno matupu. Waende na tepu, wapime kila kipando, waandike namba kwenye karatasi, na mwenye kiwanda atie sahihi kwamba ameziona. Mtu akianguka, karatasi hiyo isomwe kabla jina lake halijatajwa.

Ngazi yangu nimeing'oa na kuijenga upya. Shangazi aliipanda Jumapili, mkono ungali na bandeji. Alipofika juu akashuka tena, akapanda mara ya pili, ndipo akaomba chai.