Chupa isitangulie sahani: nganda zetu zijifunze kwa Wameksiko

Wandugu wasikilizaji, na ninyi wandugu mliohamishwa na vita mnaotusoma mkiwa katika nyumba za watu waliowapokea, leo naongelea meza ya baa. Maoni yangu ni mafupi. Nganda inayouza chupa bila sahani inaharibu mtaa. Ile inayoweka chakula mbele ya mnywaji inaweza kuwa msaada kwa mtaa, hata kwa familia zilizokimbia.

Mfano wangu ni baa ya Wameksiko. Kwa nini hao? Wakongomani wengi waliotoka kambi za Tanzania, Burundi na Uganda na kupelekwa Marekani wanaishi Texas na Arizona, majimbo yanayopakana na Meksiko. Huko baa ya mtaani mara nyingi ni ya Kimeksiko. Ndugu zetu wanatutumia picha kwa WhatsApp, wameketi mbele ya sahani zenye rangi nyingi, na hapa watu wanasema: "Hao sasa wanakula vya wazungu."

Angalieni sahani hiyo vizuri. Kuna tortilla, ambayo ni kama chapati nyembamba ya unga wa mahindi. Ndani yake nyama iliyokatwakatwa. Pembeni maharagi, nyanya iliyosagwa na pilipili, na avoka iliyopondwa pamoja na kitunguu, ndimu na chumvi. Kipi hapo mama wa Kivu hakijui? Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko miaka kama 9,000 iliyopita. Avoka na pilipili navyo asili yake ni upande huo, na maharagi yetu yalitoka bara hilohilo. Vyote vilivuka bahari baada ya mwaka 1492, vikatufikia, tukavifanya vyetu. Hata pombe yao kali, tequila, inatoka kwa mmea wa jamaa ya katani.

Kwa hiyo hatuwazidiani kwa chakula. Tunachotofautiana ni desturi ya meza.

Katika baa nyingi za Kimeksiko kule Marekani, ukiketi tu, kabla hujaagiza kitu, wanakuletea vipande vya tortilla vilivyokaangwa na kibakuli cha pilipili. Huko Meksiko kwenyewe, katika baa za zamani zinazoitwa cantina, iko desturi ya botana: kila unapoagiza kinywaji kinakuja na chakula kidogo, supu, maharagi au nyama, bila kukilipia peke yake. Anayekunywa anakula. Na kule Marekani baa nyingi za aina hiyo ni mahali pa kulia pia. Baba ana bia yake, mama ana sahani, watoto wana soda. Kijana asiyefikisha miaka 21 haruhusiwi kuuziwa pombe, na mhudumu anaomba kitambulisho.

Sisemi kwamba Wameksiko ni malaika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanawake walikatazwa kuingia katika cantina za mji mkuu wao. Sheria ikabadilishwa, na leo wanawake wanaketi humo. Desturi ya baa ni kazi ya watu, na watu wanaweza kuitengeneza.

Sasa turudi kwetu. Jioni kijana anaingia nganda. Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Mwenye pesa anachukua Primus kubwa, asiye nazo anachukua kanyanga kwa kikombe. Pombe ikikuta tumbo tupu inapita haraka kwenye damu. Ikikuta chakula inachelewa. Kila mama anayemngoja mume usiku anajua hilo bila kufundishwa na daktari. Baba aliyepoteza shamba, ng'ombe na heshima yake anatafuta kusahau kwa saa moja, na pesa ya unga inaishia hapo. Simcheki. Ninauliza tu: kwa nini mahali anapokimbilia hapana hata sahani moja ya maharagi?

Kwa waliohamishwa jambo hili ni zito zaidi, maana wengi wanaishi kwa unga wa mahindi mwezi mzima. Wameksiko wanachemsha mahindi yao kwa maji yenye chokaa kabla ya kuyasaga, na hiyo inaufungulia mwili vitamini ambayo mahindi matupu hayaitoi vizuri. Sisi hatuna desturi hiyo, kwa hiyo tunahitaji maharagi, karanga au samaki pembeni ya bugali. Mwaka 1990, kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, watu zaidi ya 18,000 walipata pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kuharisha na kuvuruga akili, baada ya karanga kukosekana katika mgawo wao. Na mtu anayekunywa sana bila kula vizuri yuko karibu zaidi na ugonjwa huo.

Pendekezo langu halihitaji mfadhili. Mwenye nganda atoe mita mbili za baraza kwa mama mmoja mwenye jiko. Wako wengi kati ya waliohamishwa wanaojua kupika na hawana pa kuuzia. Apike maharagi, sambaza, ndizi, avoka na pilipili. Sahani ndogo ije pamoja na chupa ya kwanza, bei yake iwe ndani ya bei ya chupa, na mama alipwe jioni ileile, si mwisho wa mwezi. Mchana meza hizohizo ziwe za kula tu, na mama mwenye watoto aketi bila kutukanwa.

Mwenye nganda atasema sahani inakula faida. Mimi naona mtu aliyekula anakaa kwa utulivu, havunji glasi, na kesho anarudi. Wengine watasema nganda zote zifungwe, hatuwezi kunywa wakati watu wanakufa. Nawaelewa. Lakini mkizifunga, watu watakunywa kanyanga chumbani, gizani, ambako hakuna anayeangalia kilichomo wala umri wa mnywaji.

Machefu wa avenue, mnapokagua nganda mnauliza karatasi za kodi. Ulizeni pia: jiko liko wapi? Na ninyi wandugu mnaokwenda kunywa, mkiketi, agizeni sahani kwanza. Mwenye nganda akiambiwa hivyo na wateja kumi kwa siku, atatafuta mama wa kupika kabla ya wiki kwisha.