Baiskeli ni yako, je, mota ni ya nani?

Haya wadau, leo tuweke seva na hifadhidata kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu baiskeli, tena zile za matairi manene, na mota ya umeme ya kukusaidia kupiga pedali. Usikimbie. Ukifika katikati utaona ni mambo yetu yale yale ya programu.

Kila mtu akiuliza anunue nini, jibu analopewa ni moja: "Chukua ya kiwandani, imekamilika, na ina programu ya simu." Mimi nalipinga jibu hilo. Kama tayari una baiskeli yako ya matairi manene na fremu ni nzima, ifunge mota wewe na fundi wako. Na uchague mota ambayo mipangilio yake unaweza kuifungua na kuibadilisha bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Tuanze na baiskeli yenyewe. Tairi la upana wa inchi 4 lilibuniwa kwa ajili ya theluji na mchanga, na Surly ya Marekani ilipotoa Pugsley mwaka 2005 ndipo watu wengi walipoweza kuinunua dukani. Siri yake ni upepo mdogo. Unalijaza psi 5 hadi 15, wakati tairi jembamba la lami hujazwa psi 80 na zaidi. Likiwa laini hivyo, linatandaa juu ya mchanga badala ya kuzama. Theluji hatuna, lakini mchanga wa Pwani na wa Turkana upo, na barabara za kokoto ndizo nyingi. Shida ni kwamba ukirudi kwenye lami, tairi lile lile linakula nguvu za miguu na unajiona kama unavuta mkokoteni. Kwa hiyo mota hapa si anasa. Inalipa deni la tairi.

Sasa, mota gani? Ziko aina mbili kubwa: ya kwenye kitovu cha gurudumu, na ya katikati, pale ekseli ya pedali inapopita. Ya kitovu ni rahisi kufunga na haichoshi cheni. Lakini ndani ya mchanga mzito au kwenye mlima mrefu, gurudumu linazunguka polepole, mota nayo inazunguka polepole, na umeme mwingi unageuka joto badala ya mwendo. Mota ya katikati inatumia gia za baiskeli yako. Ukishusha gia, mota inabaki kwenye mzunguko inaoupenda. Gharama yake ni cheni kuisha haraka, lakini cheni inapatikana kwa fundi yeyote.

Kabla ya kulipa, pima bomba la fremu linalobeba ekseli ya pedali. Baiskeli za kawaida ni milimita 68 au 73. Za matairi manene mara nyingi ni 100, na nyingine 120. Bafang BBSHD hutengenezwa kwa vipimo hivyo vyote. Ukikosea hapo umenunua chuma cha kuwekea mlango.

Sasa twende kwenye ugomvi wenyewe. VanMoof ya Amsterdam ilikuwa ikiuza baiskeli za umeme za kifahari, ambazo huduma zake nyingi zilipitia programu ya simu. Julai 2023 ikafilisika. Wenye baiskeli wakashikwa na hofu, kwa sababu ufunguo wa kidijitali wa kila baiskeli ulipatikana kupitia seva za kampuni. Seva zikizimwa, ufunguo unaupata wapi? Ilibidi mshindani wao, Cowboy wa Ubelgiji, atoe programu ya kuwasaidia watu kuhifadhi funguo zao. Mwisho wa Agosti mwaka huo kampuni ikapata mnunuzi na mambo yakatulia. Sawa, lakini mtu aliyelipia baiskeli yote, pesa taslimu, kwa nini alale bila usingizi akisubiri mnunuzi?

Sisi watu wa programu tunaujua mchezo huu. Chombo unakilipia wewe, lakini uamuzi wa kama kitafanya kazi kesho unabaki kwa mwingine. Tukiukataa kwenye kompyuta, kwa nini tuupokee kwa makofi kwenye baiskeli?

Linganisha na mota ya kufunga mwenyewe. Kidhibiti cha mota nyingi za Bafang za miaka mingi kinasomeka kwa waya wa USB na programu ya bure kwenye kompyuta. Tongsheng TSDZ2 ndiyo tamu zaidi: watu wameiandikia programu huria nzima, unaifuta ya kiwandani na kuweka hiyo.

Na hili si jambo la kujionyesha. Chukua mfano: BBSHD inaweza kuvuta ampea 30. Kwa volti 48 hiyo ni wati 1440. Betri yako ikiwa na bodi ya ulinzi ya ampea 20, ukipanda mlima bodi inakata umeme ghafla, nawe unabaki katikati ya barabara. Kwa mota iliyofungwa, unapeleka malalamiko na kusubiri. Kwa mota iliyo wazi, unaandika 15 badala ya 30, unapata wati 720, betri inapoa na cheni inapumua. Ni dakika 5.

Najua hoja mtakazoleta. Ya kwanza, "hayo si mazoezi." Kupiga pedali kilomita 20 kwa msaada ni mazoezi kuliko kukaa kwenye matatu. Tuendelee.

Ya pili ni nzito: usalama. Hapa nakubali nusu. Betri ya lithiamu si ya kuchezea. Usiunganishe seli za kuokotwa kutoka kompyuta kuukuu, nunua iliyofungwa vizuri yenye bodi ya ulinzi, na usiichaji ukiwa umelala. Breki nazo ziwe za diski na zenye swichi ya kukata mota. Lakini usalama huo unatokana na seli nzuri na kazi safi, hautokani na kufichwa kwa mipangilio. Uwazi hata unasaidia: ukitaka msaada ukome kwenye kilomita 25 kwa saa kama sheria za Ulaya zinavyotaka, unaweka wewe mwenyewe.

Ya tatu, umeme ni ghali. Piga hesabu: betri ya volti 48 na ampea-saa 13 ina wati-saa 624. Hata uniti ikiwa shilingi 30, kuijaza ni kama shilingi 19, ongeza kidogo kwa joto la chaja. Nauli gani ya siku hizi iko hapo?

Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji maswali mawili tu. Kampuni ikifungwa kesho, itaendelea kutembea? Na je, fundi wangu anaweza kuifungua? Akianza kuzungukazunguka, shika baiskeli yako urudi nayo nyumbani.

Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo. Ila aje na namba.