UCHAMBUZI: Muuza dawa anapohamia meza ya bima, msafirishaji anapata nini?

KASESE – Dereva wa lori anayetoka Kasese kwenda Beni hupita Bwera kabla ya kufika kituo cha mpaka cha Mpondwe. Akipatwa na homa njiani, hutafuta duka la dawa. Kabla ya gari lake kuvuka kuingia Kasindi, hutafuta bima. Huduma hizo mbili zinaonekana kuwa mbali, lakini kwa mfanyakazi wa duka la dawa anayetaka kubadili kazi, umbali kutoka kaunta moja hadi nyingine si mkubwa. Swali kwa wafanyabiashara ni je, mtu huyo akihama, anahama na nini?

Sababu za kuhama zinaeleweka. Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hutofautisha famasi na duka la kawaida la dawa. Famasi lazima iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Duka la kawaida huuza dawa za kundi ambalo halihitaji cheti cha daktari, na leseni yake huombwa upya kila mwaka. Kwa hiyo mhudumu asiye mfamasia anaweza kukaa kaunta miaka kumi bila kupanda ngazi. Aidha, mwenye duka amefunga mtaji wake katika dawa zenye tarehe ya mwisho. Mpaka ukiyumba, wateja wa kutoka Kongo hupungua na dawa huharibika zikiwa kwenye rafu.

Meza ya bima haina bidhaa ya kuoza. Mlango wake pia uko wazi kiasi. Chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017, wakala hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima baada ya kupata mafunzo ya msingi, na benki nazo zimeruhusiwa kuuza bima. Soko bado ni changa, kwani ada zote za bima nchini Uganda hazifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Wakati huo huo biashara ya mpakani inatazamiwa kukua. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ujenzi wa barabara ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni ulizinduliwa na marais wa nchi hizo mbili pale Mpondwe mwezi Juni 2021.

Kuuliza kabla ya kuuza

Muuza dawa mwenye kujua kazi yake hatoi dawa kabla ya kuuliza. Mgonjwa ni nani? Ana umri gani? Anatumia dawa nyingine? Ni mjamzito? Majibu yakimtia shaka, humwambia mteja aende hospitali, hata kama fedha imekwisha wekwa mezani. Tabia hiyo ndiyo mali anayoweza kuhama nayo.

Anaihitaji sana mpakani, kwa sababu hapo karatasi tatu tofauti huitwa "bima" kana kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza ni Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanza kazi mwaka 1987. Kadi hiyo hulipa madhara ambayo gari limewasababishia watu wengine katika nchi lilikoingia, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Hailipi lori lenyewe wala mzigo. Ya pili ni dhamana ya forodha, au bondi, ambayo kampuni ya bima huitoa kwa mizigo inayopita. Hiyo hulinda kodi ya serikali. Mzigo usipothibitishwa kutoka nchini, mamlaka ya mapato hudai kutoka kwa mtoa dhamana, naye humgeukia wakala wa forodha. Ya tatu ni bima ya mzigo, na ni hiyo tu inayomlipa mwenye mali.

Mfanyabiashara anayevuka na karatasi mbili za kwanza akidhani amekata zote tatu yuko sawa na mgonjwa aliyemeza dawa ya maumivu akidhani ametibiwa malaria.

Hata aliye na bima ya mzigo hana budi kuuliza zaidi. Mikataba ya kawaida huacha nje vita na ugaidi, mpaka kinga hiyo inunuliwe kwa nyongeza. Katika njia hii jambo hilo si dogo. Waasi wa ADF wamechoma malori mara kadhaa kwenye barabara ya Beni hadi Kasindi, na mwezi Juni 2023 walivuka na kuua wanafunzi katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe. Muuzaji asiyelitaja hilo kabla ya kupokea fedha hajamhudumia mteja.

Hatari ya kuaminiwa mno

Hata hivyo, kuna upande mwingine. Dawa isiyofaa hujulikana ndani ya siku chache, kwa kuwa mgonjwa hurudi na malalamiko. Bima isiyofaa inaweza kukaa mwaka mzima bila mtu kuigundua, hadi siku ya ajali. Na wakala hulipwa kamisheni kwa kila anachouza, iwe kinamfaa mteja au la. Mtu aliyezoea kukosolewa na wagonjwa wake kila wiki anaweza kulegea taratibu, huku wateja wakiendelea kumwamini kwa sababu aliwahi kuwauzia dawa zilizowaponya watoto wao. Imani hiyo aliipata kwa dawa. Kwa bima itabidi aitafute upya.

Faida moja aliyonayo ni lugha. Hati za bima upande wa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, na afisa wa Kasindi husoma Kifaransa. Dereva na mchuuzi huzungumza Kiswahili au Lhukonzo, ambayo huvuka mpaka pamoja na wenyewe. Mtu aliyezoea kueleza "kidonge kimoja kutwa mara tatu" kwa lugha hizo anaweza pia kueleza kwamba abiria aliyepakiwa juu ya mzigo bila kutajwa huweza kuwa sababu ya dai kukataliwa.

Kuhama huko kuna gharama pia kwa mji wenyewe. Mwezi Juni 2019, wagonjwa wa Ebola waliovuka kutoka Kongo walitibiwa Bwera, wakiwa wa kwanza kuthibitishwa Uganda katika mlipuko ulioanza Kivu Kaskazini mwaka 2018. Wengi wenye homa huanzia duka la dawa kabla ya hospitali. Kaunta ikiachiwa mtu asiyejua kuuliza, hasara itawafikia hata madereva.

Kwa msafirishaji, ushauri ni mfupi. Akifika meza ya bima, aone leseni ya wakala ya mwaka huo na risiti yenye jina la kampuni. Aulize karatasi hiyo inamlipa nani, inaishia mpaka upi, na inaacha nini nje. Naye aseme kweli kuhusu gari, mzigo na njia, kwa kuwa kuficha jambo huweza kufuta fidia. Dai likikwama, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ina ofisi ya kupokea malalamiko.

Na kama mwenye meza hakumuuliza lolote kabla ya kuandika hati, asikubali kulipa kwanza. Hata dukani, dawa ya namna hiyo asingeinunua.