Dra za Siku ya Wageni



Juma lililopita, tulipomaliza likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni. Mimba yake imeingia mwezi wa nane, na siku hiyo zamu ilikuwa yake. Akaniambia: "Madamu, mimi nataka kununua dra nzuri. Mtoto akizaliwa watu watakuja kumuona, wataingia mpaka chumbani. Sitaki wanikute na zile dra zangu. Ninunue zipi?" Mkononi alikuwa na dola 80. Kwenye simu alikuwa na picha ya seti ya vipande saba, rangi ya zahabu na maua mekundu, inang'aa kama kioo. Muuzaji alimwambia ni hariri safi, dola 55, bei ya mwisho kwa sababu ni yeye.

Nilimwomba ruhusa nimjibu hapa, maana swali hilo si lake peke yake. Hapa kwetu Lubumbashi mlango wa chumba cha mama umefungwa mwaka mzima, lakini mtoto akizaliwa unafunguliwa. Wanaingia wakwe, wanaingia majirani, wanaingia wamama wa kanisa, na kila mmoja anakaa ukingoni mwa kitanda. Nawajua wamama walioazima dra kwa jirani kwa juma zima, wakakaa na hofu kwamba mtoto atazikojolea.

Kuna watakaosema haya ni majivuno. Mimi siwezi kusema hivyo. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja kuteka maji, anayelala wa mwisho nyumbani, ana haki ya kulala mahali pazuri. Ninachotaka tuulize ni kitu gani kizuri, na kinalipwa kwa feza gani.

Nianze na feza. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, mimi pia nilinunua kifuniko cha kitanda cha satini, rangi ya zambarau, chenye marinda pembeni na mito miwili midogo yenye umbo la moyo. Nilikitandika kabla ya kwenda kuzaa ili nikirudi nikikute. Kule maternite mambo hayakwenda kama tulivyofikiri, bili ikapanda, na feza yetu haikutosha. Tulishikwa siku nne, mimi na mtoto, tumeshaagwa na daktari lakini mlango tumefungiwa. Siku ya tano mume wangu alikuja na feza. Sikumuuliza ameitoa wapi. Nilipofika nyumbani nilikuta kitanda kitupu, na kifuniko changu nilikiona miezi miwili baadaye kwa mama mwingine wa barabara yetu. Alikuwa amekinunua kwa haki, wala hakujua habari yake. Wageni wangu waliketi juu ya matela iliyotandikwa kikwembe cha mama mkwe.

Basi nilimwambia rafiki yetu: kabla ya dra, dola 40 ziende kwenye bahasha ya maternite, na bahasha ikae kwa mweka-feza wetu, si chini ya matela yako mwenyewe. Alinung'unika kidogo. Halafu akatoa. Zikabaki 40, na kwa hizo 40 tukaenda soko ya Kenya siku ya posho.

Tulianza na ile seti ya zahabu, ili asije akaniona nimemnyima. Niliomba muuzaji aniruhusu kuvuta uzi mmoja kwenye pindo la ndani, pale usipoonekana, na kuuwasha kwa kiberiti. Kila mama anaweza kufanya hivyo. Uzi wa pamba unawaka haraka, unanuka kama karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini, ukiyagusa yanapotea. Hariri ya kweli inanuka kama nywele zilizoungua. Uzi wa poliesta hauungui hivyo: unayeyuka, unajikunja, na ukipoa unaacha kidonge kigumu kama shanga. Uzi wa dra za zahabu uliacha shanga. Muuzaji akacheka, akasema, "Lakini yaya, inang'aa." Hilo hakudanganya.

Hapa wengi wanachanganya maneno. Satini ni namna ya kufuma, si aina ya uzi. Unaweza kufuma satini kwa hariri, kwa pamba, au kwa poliesta, na ile ya poliesta ndiyo imejaa sokoni kwa sababu ni rahisi kutengeneza. Mikrofibra nayo ni poliesta, nyuzi zake tu ndizo nyembamba sana. Haina ubaya wote: inakauka upesi, haikunjani, haihitaji pasi. Lakini hainywi jasho. Mama aliyetoka kuzaa anatoka jasho jingi usiku, maziwa yanamwagika, na mtoto analala amegusana na kitambaa hicho. Katika mwezi wa kumi, joto lilipo kali hapa kwetu, utajuta. Ukiona kwenye lebo "100% coton", hiyo ndiyo tunayotafuta. Ukiona "polycoton", ni mchanganyiko, na inaweza kufaa kama feza ni kidogo.

Pia msitishwe na namba kubwa kwenye paketi, 1000 au 1500. Namba hiyo inahesabu nyuzi katika mraba wa inchi moja, karibu sentimeta mbili na nusu kila upande. Dra ya pamba yenye nyuzi 200 mpaka 400 ni nzuri sana tayari. Ili kufika 1500, viwanda vinachukua uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi ndogo tatu au nne na kuzihesabu zote. Mwanafunzi wangu akihesabu hivyo namwekea sifuri.

Tukiwa kwenye hesabu, pimeni matela kabla ya kutoka nyumbani. Matela ya watu wawili mara nyingi ina upana wa sentimeta 140 na urefu wa 190. Kama unene wake ni 20, dra lazima ishuke 20 kila upande, halafu iingie chini angalau 25. Kwa upana: 140, na 40, na 50, ni 230. Kwa urefu: 190, na 40, na 50, ni 280. Kwa hiyo unatafuta dra ya 240 kwa 300. Ile seti ya zahabu iliandikwa 200 kwa 230. Kwa upana ingebaki sentimeta kumi tu za kuingiza chini kila upande, na kwa urefu ingeishia pale pale chini ya matela, bila hata kidole cha kukunja. Mama anageuka mara moja usiku, dra iko miguuni. Vipande saba, ndiyo, lakini vitatu vyake vilikuwa mito midogo ya kuangaliwa.

Kisha tukaenda upande wa mitumba. Najua wengine wananyamaza nikitaja mitumba chumbani. Lakini katika mabalo yanayotoka Ulaya zimo dra za pamba za zamani, nzito, nyeupe, zilizofuliwa mara mia na bado nzima. Ziinue juu mbele ya mwanga: katikati, pale mwili unapolala, ndipo zinapochakaa kwanza. Kama mwanga unapita sawasawa kila mahali, chukua. Tulipata mbili kwa dola 12, za vipimo vinavyotakiwa. Angalieni tu mifuko ya mito ya Ufaransa: mara nyingi ni ya mraba, 65 kwa 65, na mito yetu mingi ni mirefu. Fundi anaikata kwa dakika chache.

Sasa ndiyo sehemu iliyomfurahisha. Kikwembe cha wax cha kweli ni pamba tupu. Pisi nzima ya yadi sita ni karibu mita tano na nusu. Ukiikata katikati unapata vipande viwili vya mita 2.75, na ukiviunganisha unapata kifuniko kinachoshuka vizuri pande zote. Lakini msishone mshono katikati, utakuwa ukilala juu ya kamba. Acheni kipande kimoja kizima katikati, kingine kipasueni mara mbili kwa urefu, nusu huku na nusu huku. Mishono inaangukia pembeni, na mtu anadhani ni mtindo. Alichagua pisi ya buluu yenye majani meupe, dola 15, na fundi wa barabara yake akashona kwa dola 4, pamoja na mifuko miwili ya mito.

Zikabaki dola 9. Tatu zikaenda kwenye uzi mweupe wa krosheti. Bibi zetu katika kambi za Union Minière walifundishwa kwenye foyer kushona, kufuma na kutarizi, na wengi wetu bado tuna vitambaa vyao juu ya viti vya salo. Mama yake rafiki yetu anajua krosheti ya pindo. Pindo la sentimeta sita kwenye mkunjo wa juu wa dra nyeupe, ule unaogeuzwa juu ya kifuniko, linageuza mitumba kuwa kitu ambacho hakuna duka litakuuzia. Nne zikanunua plastiki ya kuweka chini ya dra, kwa ajili ya damu, maziwa na mkojo wa mtoto. Mbili akarudi nazo.

Kuhusu kufua, naomba msome hapa polepole. Dra mpya na dra za mitumba zote zifuliwe kabla hazijagusa mtoto. Damu iondolewe kwa maji baridi. Maji ya moto yanaipika ndani ya pamba na haitoki tena. Javeli ni kwa pamba nyeupe tu, kidogo, na kusuuza sana. Zianikwe kwenye kamba juani, si juu ya majani, na zipigwe pasi pande zote mbili. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake anaingia katika ngozi na kuota kama jipu. Pasi ya moto inaua mayai hayo. Kama umeme umekatika, pasi ya makaa haijafa.

Mustikere nayo. Wapo wanaoishusha wageni wakija kwa sababu inaharibu sura ya chumba. Ile yenye dawa, mliyopewa kwenye konsultasio ya mimba, ibaki pale. Ifungeni juu kwa utepe wa kitambaa kile kile cha kifuniko wakati wa mchana, na usiku ishuke na kuingia chini ya matela. Hiyo haifuliwi kwa javeli na hukaushwa kivulini, kinyume cha dra, maana jua linaua dawa.

Na mito midogo ya mapambo, ile ya moyo kama niliyokuwa nayo: mtoto mchanga asilale karibu nayo. Hana nguvu ya kugeuza uso wake ikimfunika pua. Alale chali, mahali pagumu kidogo, bila mto, bila blanketi nzito karibu na uso. Wageni wakija pangeni mito yote mnavyotaka, wakiondoka iende juu ya kabati.

Jumatano nilipita kwake. Dra mbili nyeupe zimeshapigwa pasi na kukunjwa ndani ya mfuko wa maternite, pindo la krosheti limefika katikati. Mama mkwe wake aliangalia kifuniko cha kikwembe, akasema zamani walifanya hivyo watu wasio na feza. Rafiki yetu hakujibu. Baadaye mama mkwe akauliza kama fundi anaweza kumshonea naye, lakini cha kijani.

Mwenye mchoro wa krosheti wa pindo la majani ya muhogo, tafadhali auchukue kwenye mkutano wa Jumamosi. Wa kwangu umeliwa na panya.